Fayawoli ya kompyuta ya nyumbani imefungwa, inasema inasimamiwa na "msimamizi wa mfumo". Msimamizi gani na kompyuta ni yangu?

Mwalimu wa Zamu (Ijumaa, saa 2:40 usiku)

Wakuu, habari za jioni. Nasoma humu kimyakimya siku nyingi, leo yamenifika.

Hapa nyumbani Morogoro nina kompyuta ya mezani, vile vidude vidogo vya ofisini, Dell OptiPlex 3060. Nilinunua mtumba Kariakoo. Ilikuwa na Windows 10 Pro, muuzaji akaipandisha kuwa Windows 11 hapo hapo dukani nikisubiri. Printa imechomekwa kwake kwa waya wa USB. Mimi natunga mitihani kwenye laptopu, na lengo langu ni dogo tu: nichape kutoka kwenye laptopu bila kutembea na flashi kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma kila nikikosea swali la nne. Zote mbili zinatumia ruta moja.

Nimeshea printa, nimeshea na folda. Laptopu haioni kitu. Nikipiga ping (ile amri ya kubisha hodi kuona kama mashine nyingine inajibu) kutoka kwenye laptopu kwenda 192.168.1.7 (ndiyo ya mezani) kimya, inaishia kusema muda umekwisha. Nikigeuza, kutoka mezani kwenda laptopu, inajibu bila shida.

Nikaingia kwenye fayawoli (ule mlinzi wa Windows anayeamua nini kipite kutoka mtandaoni) ya ile ya mezani niruhusu File and Printer Sharing. Visanduku vyote vya kijivu, havibonyezeki. Kitufe cha Change settings nacho kijivu. Juu kuna maandishi kwamba kwa usalama wangu baadhi ya mipangilio inasimamiwa na msimamizi wa mfumo. Akaunti yangu ni ya admin, nimehakiki. Nimezima na kuwasha mara nne, ya nne ilikuwa ya hasira.

Fundi wa mtaani anasema nilete apige window, yaani afute aweke Windows upya, elfu ishirini. Sitaki. Kuna programu ya matokeo ya shule humo, na kijana aliyeiweka alishahama mkoa.

Chapati Maji

Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa hapa na kikombe.

Bando Limeisha

Kaka, unajitesa. Fungua CMD (ile skrini nyeusi ya kuandikia amri) kama admin, andika:

netsh advfirewall set allprofiles state off

Printa itaonekana. Mimi fayawoli nimeizima mwaka wa tatu sasa na sijafa.

Mwalimu wa Zamu

Ni dada, lakini asante. Nimeandika, ikajibu "Ok." Nikafurahi. Nikarudi kuangalia: fayawoli bado imewashwa, vya kijivu bado vya kijivu, ping bado kimya. Sasa hiyo Ok ilikuwa ya nini?

Fundi Kiraka

Samahani dada. Hiyo itakuwa lile kosa la 0x0000011b la printa za kushea. Lilisumbua watu wengi sana.

Mzee wa Kebo (Ijumaa, saa 4:15 usiku)

Nimetoka kazini sasa hivi, naomba tuende taratibu.

Fundi Kiraka, 0x0000011b si hili. Lile lilikuja na masasisho ya Septemba 2021, na unaliona pale laptopu imeshaifikia printa, imeshabisha hodi, ikakataliwa kwenye kuunganishwa. Mwalimu hajafika hata barazani. Ping yenyewe haijibu.

Bando, ushauri wako nitaurudia mwishoni, una adhabu yake.

Mwalimu, fayawoli yako ni nzima kabisa. Inatii amri ya mkubwa mwingine, na kazi yetu ya usiku huu ni kumtafuta huyo mkubwa. Windows inaweka sheria za fayawoli kwenye mafungu zaidi ya moja. Kuna fungu la kompyuta yenyewe, ndilo unaloliandikia ukibonyeza visanduku au ukitumia ile netsh. Na kuna fungu la sera, ile Group Policy, linaloandikwa na aliyekabidhiwa usimamizi. Yakipingana, la sera ndilo linashinda. Ndiyo maana ya ile Ok: karani amepokea barua yako, ameigonga muhuri, ameitia kwenye droo. Hakukudanganya, amri yako ipo mle ndani. Haisomwi tu.

Mkubwa anayefunga fayawoli kwenye kompyuta ya nyumbani kwa kawaida ni mmoja kati ya hawa. Antivirusi ya nje iliyochukua fayawoli mikononi mwake, na hiyo mara nyingi inajitaja jina hapo hapo kwenye ukurasa. Kampuni au shule ambayo kompyuta bado imesajiliwa kwake. Masalia ya sera za mwenye kompyuta wa kwanza, ambayo kwa hizi za mtumba ndiyo nayaona mara nyingi kuliko yote. Na virusi, kwa sababu wapo wanaoanza kazi kwa kuivuruga fayawoli. ZeroAccess enzi zile alikuwa anafuta kabisa huduma zake, unaikuta kompyuta haina hata cha kuwasha.

Usiguse kitu bado. Nipe haya matatu:

1. CMD: dsregcmd /status, kisha niandikie mistari ya AzureAdJoined na DomainJoined.
2. CMD: sc query mpssvc (hiyo ndiyo huduma ya fayawoli), inasemaje kwenye STATE.
3. PowerShell kama admin: Get-NetFirewallProfile -PolicyStore ActiveStore

Kwenye ya tatu usiache hayo maneno ya mwisho. Ukiandika Get-NetFirewallProfile peke yake inakusomea lile fungu lako la droo, utaona NotConfigured sehemu nyingi na utadhani hakuna tatizo. Watu wengi wamepotelea hapo.

Kijana wa Ukonga

Hii ya "kampuni" isikieni kwangu. Nilinunua ThinkPad mtumba, safi, betri nzuri, bei ya kutupa. Nikapiga Windows upya mwenyewe kutoka kwenye flashi, nikaunganisha WiFi ile hatua ya mwanzo ya kuweka lugha na nchi. Ghafla ukurasa ukabadilika, ikanikaribisha kwa jina la kampuni moja ya Ulaya, ikataka imeili ya kazini na nywila. Nikafuta tena, nikapiga tena, ikarudi pale pale.

Kumbe kuna kitu kinaitwa Autopilot. Alama za vifaa vya ile mashine zimeandikishwa Microsoft chini ya ile kampuni, kwa hiyo hata ukifuta diski mara kumi, ikishika intaneti tu inawakumbuka wenyewe. Nilimrudishia muuzaji. Alibisha kidogo, nikamwambia basi tuwaandikie hao wenye jina tuwaulize kama waliiuza au iliibiwa. Akanibadilishia.

Chapati Maji

Hapo kwa "tuwaandikie" nimecheka hadi kahawa imemwagika.

Mwalimu wa Zamu (Jumamosi, saa 1:05 asubuhi)

Mzee wa Kebo, shikamoo, na samahani nililala. Majibu haya:

AzureAdJoined : NO
DomainJoined : NO

mpssvc inasema RUNNING.

Ile ya PowerShell imetoa makundi matatu, Domain, Private na Public. Yote yana Enabled : True. Nimeona pia AllowLocalFirewallRules : False kwenye yote. Antivirusi sina nyingine, ni ile ile ya Windows.

Mzee wa Kebo

Marahaba mwalimu. Umejibu vizuri kuliko mafundi wengi.

Hizo NO mbili ni habari njema. Haijasajiliwa popote, hakuna aliyekaa mbali anaishikilia. Kama zingekuwa YES ningekuambia tuishie hapo na urudi Kariakoo na risiti kama Kijana wa Ukonga, maana hapo unabishana na mwenye mali.

Ile False ndiyo mgonjwa wetu. Maana yake: "sheria zozote alizoweka mtumiaji wa mashine hii, zipuuze." Ofisi kubwa zinapenda kuiweka, na wana haki, hawataki kila mfanyakazi ajifungulie milango yake. Sasa ofisi imeuza kompyuta, imeitoa kwenye mtandao wao, lakini diski haikufutwa. Muuzaji naye kaipandisha kutoka 10 kwenda 11 juu kwa juu. Kupandisha namna hiyo kunabeba kila kitu, na sera zikiwemo. Unakaa kwenye nyumba ambayo mwenye nyumba kahama na masharti yake bado yamebandikwa ukutani.

Nina mgonjwa mwingine asubuhi hii, nitarudi mchana.

Fundi Kiraka

Mzee akiwa kazini niendeleze, hili nalijua. Dada, fungua regedit (kifaa cha kuhariri rejistri, daftari la mipangilio ya Windows), nenda:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\WindowsFirewall

Utakuta PublicProfile, PrivateProfile na DomainProfile.  Ndani yake utaona AllowLocalPolicyMerge (ndiyo ile ya kuruhusu sheria zako) ikiwa 0. Futa folda nzima ya WindowsFirewall, kisha CMD: gpupdate /force. Kwisha habari.

Mwalimu wa Zamu

Nimeiona! AllowLocalPolicyMerge, 0, na EnableFirewall, 1. Kote kote. Nimefuta, nimeandika gpupdate /force, ikasema imefanikiwa.

Nimerudi regedit kuangalia. WindowsFirewall imerudi, na vitu vyake vyote, kama vile sikuigusa. Wakuu, hii kompyuta ina jini?

Bando Limeisha

Piga window tu dada.

Kijana wa Ukonga

Piga window ndiyo panadol ya nchi hii.

Mzee wa Kebo (Jumamosi, saa 8:20 mchana)

Hakuna jini. Fundi Kiraka alikupeleka mahali sahihi kwa mpangilio usio sahihi, na namshukuru kwa sababu kosa limetuonyesha chanzo.

Kile ulichofuta kwenye rejistri ni nakala. Asili yake ni faili liitwalo Registry.pol, lipo kwenye C:\Windows\System32\GroupPolicy\Machine. Ukiandika gpupdate /force unaiambia Windows: soma sera upya zote, uzitekeleze. Ikalisoma lile faili, ikakuandikia tena yale yale. Ulifuta ubao halafu ukamwita mwandishi.

Kwa hiyo aliyefunga siyo tu masalia ya rejistri, ni sera ya hapo hapo kwenye mashine. Kwa kuwa una Pro unaweza kuingia gpedit.msc na kurudisha kila kitu kwenye Not configured kimoja kimoja. Lakini hatujui waliweka mangapi, na sera zote zilizomo ni za ofisi isiyokuhusu. Tuhamishe kabati lote. Wenye Home mnaosoma: gpedit hamna, lakini hatua hizi zinawafaa pia.

CMD kama admin, mstari kwa mstari. Kwanza nakala ya akiba, hii usiiruke:

reg export "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\WindowsFirewall" D:\fayawoli.reg

Kisha badili jina la folda ya sera. Imefichwa, usishangae usipoiona kwa macho:

ren C:\Windows\System32\GroupPolicy GroupPolicy.zamani

Ndipo ufute:

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Microsoft\WindowsFirewall" /f

Sasa gpupdate /force, kisha zima na uwashe. Mara moja, bila hasira.

Kingine. Jana Bando alikuandikisha amri ya kuzima, na nilisema imo kwenye droo. Ukiondoa sera, droo inafunguliwa na amri ya kuzima itaanza kutekelezwa. Kwa hiyo ikishawaka:

netsh advfirewall set allprofiles state on

Na hapa ndipo adhabu yako Bando. Mwaka 2003 nilikuwa nashika zamu kwenye intaneti kafe, Windows XP kumi na mbili. Agosti ile kikaingia kirusi cha Blaster. Hakuna aliyebonyeza kitu. Kinapita tu mtandaoni kupitia mlango (port) wa 135, kisha kwenye skrini kinatokea kiboksi kinahesabu sekunde sitini, kompyuta inajizima. Unawasha, unaanza kushusha dawa, sekunde sitini. Wateja wamelipia nusu saa wanakuangalia wewe. XP ilikuja na fayawoli lakini ilikuwa imezimwa, hadi Service Pack 2 ya 2004 ndipo ikaanza kuwa imewashwa yenyewe. Mei 2017 kirusi WannaCry akapita vivyo hivyo kwenye mlango wa 445, ambao ndio huu huu mwalimu anaotaka kushea printa yake. Sasisho la kuziba tundu hilo lilikuwa limetolewa tangu Machi.

Bando Limeisha

Ila mzee, ruta nayo si inazuia watu wa nje?

Mzee wa Kebo

Inazuia, hapo una hoja. Sasa nihesabie walio ndani. Simu za watoto, TV, shemeji aliyekuja na laptopu yake, na jirani uliyempa nywila ya WiFi siku ya msiba na hujaibadilisha hadi leo. Ruta haisimami kati ya hao na kompyuta yako.

Bando Limeisha

Nywila ya WiFi yangu anayo mtaa mzima. Nakwenda kuwasha.

Mwalimu wa Zamu (Jumamosi, saa 11:50 jioni)

Mzee wa Kebo, Mungu akupe maisha. Visanduku vinabonyezeka! Kweli niliikuta imezimwa kama ulivyosema, nimeiwasha. Change settings inafanya kazi. Nimetia tiki File and Printer Sharing.

LAKINI. Ping bado kimya. Laptopu bado haioni printa. Nimejaribu pia hii niliyoiona mahali, Test-NetConnection 192.168.1.7 -Port 445, mwisho inasema TcpTestSucceeded : False. Nimebaki na kufuli lililofunguka na mlango uliofungwa.

Fundi Kiraka

Dada, pale kwenye File and Printer Sharing kuna safu mbili za tiki, Private na Public. Umetia ipi?

Mwalimu wa Zamu

Private. Si ndiyo nyumbani?

Fundi Kiraka

Ndiyo nyumbani kwako. Je, kompyuta inajua kwamba ipo nyumbani? PowerShell:

Get-NetConnectionProfile

Mwalimu wa Zamu

NetworkCategory : Public. InterfaceAlias : Ethernet.

Fundi Kiraka

Basi kompyuta inadhani iko stendi ya Msamvu. Windows ikikutana na mtandao isioujua inaona heri iwe Public, na sheria ulizoruhusu kwa Private zinalala. Usihamishie tiki kwenye Public, badilisha mtandao wenyewe:

Set-NetConnectionProfile -InterfaceAlias "Ethernet" -NetworkCategory Private

Au kwa kubonyeza: Settings, Network & internet, Ethernet, chagua Private network. Nadhani nimelipa deni la asubuhi.

Mwalimu wa Zamu

IMETOKA. Ukurasa wa kwanza, Kidato cha Pili, Kiswahili, Sehemu A. Nimekaa sebuleni nimesikia printa inanguruma chumba cha nyuma, mtoto amekimbia kuja kuniambia "mama printa imejiwasha."

Chapati Maji

Kahawa imeisha ila nimeshiba. Hongera mwalimu.

Dada wa Steshenari

Nami nina swali linalofanana. Kwangu visanduku vya kijivu ila juu inataja jina la antivirusi iliyokuja na kompyuta, ya majaribio, imeshaisha muda. Na mimi nifuate hatua za mwalimu?

Mzee wa Kebo

Hapana, wewe mkubwa wako amejitaja. Iondoe hiyo antivirusi kwenye orodha ya programu, uwashe upya. Ikigoma kutoka, kampuni nyingi za antivirusi zina kifaa chao cha kujiondoa, kishushe kwenye tovuti yao wenyewe na siyo kwingine. Ikitoka, fayawoli ya Windows inarudi kazini.

Mwalimu, kabla hujaendelea na Sehemu B, nina wasiwasi na kitu kimoja. Ofisi inayofunga fayawoli hivyo haiachi masasisho huru. Tangu ununue, Windows Update imewahi kufanikiwa?

Mwalimu wa Zamu

Umejuaje? Inagoma tangu siku ya kwanza. Inatoa 0x8024402c. Nilidhani ni bando.

Mzee wa Kebo

Msimbo huo ni wa jina la seva kutopatikana. Regedit:

HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows\WindowsUpdate

Je, kuna WUServer (anwani ya seva ya masasisho)?

Mwalimu wa Zamu

Ipo. Ina anwani ndefu yenye jina la ofisi fulani ndani yake, mwisho :8530. Jina silitaji hapa. Ina maana miezi yote hii kompyuta yangu inaomba masasisho kwenye seva ya ofisini kwao?

Mzee wa Kebo

Inaomba kila siku, na seva hiyo inapatikana ndani ya jengo lao tu. Hiyo ilibaki kwenye rejistri tangu enzi za mtandao wao, haikutoka na lile kabati. Toa nakala kwanza kama ulivyofanya kwa fayawoli, kisha ufute WindowsUpdate yote hapo kwenye Policies, pamoja na folda ndogo iliyo chini yake iitwayo "AU". Kwenye Policies tu, usiguse nyingine yenye jina hilo. Washa upya, bonyeza Check for updates.

Mwalimu wa Zamu (Jumamosi, saa 3:30 usiku)

Inashusha. Imefika asilimia 34, na sebuleni kuna kikao cha dharura kwa sababu katuni zinakwama.